Mashine ya Sauti ya Paulina

Jumatatu, 28 Oktoba 2024

Harithi amefungua kompyuta ya nyumbani leo, sebuleni, juu ya gazeti. Vumbi lililotoka! "Mzee Matonya, hii si kompyuta, ni shamba. Mvua zikianza, panda mtama." Paulina akacheka. Kicheko chake siku hizi ni mabega tu, na pumzi inayopiga mluzi kwenye tundu la shingo.

Niandike mambo kwa mpangilio. Mwezi Machi madaktari walimtoa Paulina, mke wangu, uvimbe kooni, pamoja na kisanduku cha sauti. Uvimbe umeisha. Sauti haitarudi. Amefundisha darasa la kwanza maisha yake yote ya kazi. Sasa anaandika kwenye simu, na akinihitaji anagonga sufuria kwa mwiko.

Send-off ya binti yetu Elieth ni Jumamosi, tarehe 16 Novemba. Siku hiyo mama wa binti husimama, hushika maiki, humpa mwanawe maneno ya kwenda nayo kwa watu. Kamati imemwandika Emiliana, mdogo wake Paulina, aseme badala yake. Wamefanya kwa nia njema. Paulina aliisoma ratiba, akaniandikia: "Kwetu mama mdogo husema pale mama amekufa. Mimi sijafa."

Ndiyo sababu nimemwita Harithi. Ni fundi kompyuta, ana kibanda nyuma ya soko, na Paulina ndiye aliyemfundisha kusoma. Anasema ipo programu inayosikiliza sauti ya mtu iliyorekodiwa, kisha inaitengeneza upya. Paulina ataandika, kompyuta itasema, kwa sauti yake mwenyewe. Inahitaji saa kadhaa za sauti. Inahitaji pia mashine yenye nguvu, na hii yetu haina. Prosesa, ubongo wake, ni ya kizamani, ram, kumbukumbu inayofanyia kazi, ni ndogo, na mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba vyote, haipokei vipuri vya sasa. Ni kubadili utumbo wote, libaki boksi.

Sauti ipo. Kila nilipokaribia kusafiri kwa kazi yangu ya uandishi wa habari nilijaribu kinasa sauti kwa kumpa yeye. Sema chochote. Alisema chochote. Rekodi nilizihamishia kwenye kompyuta ya nyumbani. Sikuwahi kusikiliza hata moja.

Jumatano, 30 Oktoba

Bungeni mchana kutwa. Maswali na majibu, hakuna habari.

Vipuri vimefika kwa basi kutoka Dar. Harithi amefunga prosesa mpya, ameipaka ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, akakaza feni juu yake. Ram vipande viwili. Imewaka mara ya kwanza. Akapiga ukelele kama ametia goli.

Kisha tukafungua rekodi. Ya kwanza: Paulina anasoma bei ya karanga gazetini, mwishoni anasema, "Na wewe Matonya ukirudi bila sukari, utalala Kongwa huko huko." Elieth alikuwa akipepeta mchele mlangoni. Akauweka ungo chini.

Paulina alisikiliza akiwa amesimama. Akaashiria: nyingine. Nyingine. Tuliendelea hadi chai ikapoa.

Ijumaa, 1 Novemba

Harithi amepiga hesabu. Kwa kasi hii programu itamaliza baada ya send-off. Kwa hiyo anataka kuiovakloki mashine: kuilazimisha prosesa na ram zikimbie zaidi ya kasi ziliyotoka nayo kiwandani. Unaingia kwenye mipangilio ya ndani, unaongeza mwendo, unaongeza umeme kidogo, unajaribu. Ikizimika unarudi nyuma hatua moja.

Nimemuuliza gharama yake nini. Joto, mzee. Hakuna kingine.

Nikamwambia habari za Kongwa, jinsi wakoloni walivyoleta matrekta wakailazimisha ardhi itoe karanga, na udongo ukageuka saruji. Akasema, "Mzee, wale hawakuwa na feni." Hata mimi nilicheka.

Jioni mashine ilikuwa inakimbia. Kifuniko cha ubavuni kimetolewa ili ipumue, feni ya mezani imeelekezwa tumboni mwake. Harithi alikaa na namba za joto kwenye skrini, bado zinaruhusu. Ameacha maagizo: kifuniko kisirudishwe. Ameniambia mimi. Paulina alikuwa jikoni.

Jumanne, 5 Novemba

Mashine imekesha siku ya nne ikizikatakata na kuzipanga rekodi, haijasita. Harithi amepita asubuhi. "Shikamoo mwalimu. Kesho naanza kusafisha." Maana yake: programu itaondoa kelele kwenye rekodi zote — upepo, majogoo, redio ya jirani — ibaki sauti tupu. Ikimaliza hiyo, ndipo ijifunze kusema.

Paulina ameanza kuandika maneno ya Elieth. Hataki nione. Nilipopita nyuma ya kiti aliigeuza simu kifuani kama msichana.

Jumatano, 6 Novemba

Nimerudi saa tisa. Upepo ulikuwa umevuma tangu asubuhi, ule wa mtaani kwetu Ipagala unaobeba barabara nzima na kuiingiza ndani. Nyumba ilikuwa safi. Paulina alikuwa ameshafagia.

Kompyuta ilikuwa imefunikwa.

Juu kabisa kilikuwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, cha sikukuu, chenye maua pembeni. Chini yake kitambaa cha meza, kile chenye plastiki. Amekivuta vizuri mpaka ubavuni, palipo wazi, amekibana kwa vibanio vya nguo. Feni ya mezani ilikuwa inapuliza plastiki.

Kila kitu chenye thamani katika nyumba hii kina kitambaa. Televisheni, redio, friji, hata mtungi wa gesi. Ameona vumbi linaelekea kwenye mashine iliyo wazi, mashine yake. Angefanya nini kingine?

Nimeviondoa. Bati lilikuwa halishikiki. Skrini ilikuwa inawaka bado. Imeandika: kazi ya kusafisha imekamilika.

Paulina alikuwa bafuni. Nimekunja vitambaa nikaviweka kabatini. Nimempigia Harithi kutoka nje ya geti.

Alhamisi, 7 Novemba

Harithi amefungua rekodi moja baada ya nyingine, vipokea sauti masikioni. Baada ya rekodi ya kumi hivi akavivua.

Sauti inaanza. Neno moja, mawili. Kisha inakuwa mchanga unaomwagwa kwenye bati. Kisha nusu ya neno. Kisha mchanga.

Maelezo yake, nilivyoyaelewa: ram iliyolazimishwa ilivumilia ilipokuwa na hewa. Ilipozibwa ikapata joto, ikaanza kukosea. Kinachopokelewa sicho kinachotolewa. Mashine haikujua. Ilichukua kila rekodi, ikaisafisha kwa makosa, ikaiandika juu ya ile ya awali. "Ingezimika tungepona, mzee. Tatizo haikuzimika."

Nikauliza nakala ziko wapi.

Akanitazama. Alidhani ninazo mimi. Mimi ni mwandishi wa habari, nina diski za mahojiano ya mawaziri ambao hata wao wamejisahau. Mimi nilidhani anazo yeye. Ni fundi.

Mahojiano yote yana nakala, ofisini na nyumbani. Hizi hazikuwa kazi. Zilikuwa Paulina anasema chochote.

Amejaribu programu za kufufua mafaili hadi magharibi. Zinafufua mchanga.

Ijumaa, 8 Novemba

Ilibidi aambiwe. Nilimwambia asubuhi, kabla ya chai. Nikasema rekodi zimeharibika.

Akaandika: "Zote?"

Karibu zote.

Akaandika: "Nini kimeharibu?"

Nikasema umeme. Ulikatika ukarudi kwa nguvu.

Kama kijana wangu wa habari angeniletea sentensi hiyo ningemrudisha: nani kasema, saa ngapi, umethibitisha? Paulina alikuwa nyumbani Jumatano nzima. Redio ilikuwa ikiimba.

Alitikisa kichwa polepole, akaenda kuangalia maharage.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani. Watu wanampongeza kwa send-off. Anashukuru kwa viganja.

Niliporudi kutoka kuzungumza na mchungaji nilikuta televisheni iko uchi. Redio pia. Friji, makochi, mtungi wa gesi. Vitambaa vyote vilikuwa kwenye kamba nje, vimefuliwa, vyeupe mno juani. Vile viwili nilivyovificha kabatini navyo vilikuwemo.

Elieth akauliza, "Mama, mbona umeivua nyumba nguo?" Paulina akampa pindo la shuka washirikiane kukunja.

Jumanne, 12 Novemba

Nilikusudia kumwambia ukweli leo, kwamba kosa ni letu, la Harithi na mimi, hakuna aliyemwonya. Nilifika hadi mlango wa jikoni. Alikuwa anachambua mlenda. Akaniangalia, akanionyesha kinu kwa kidevu: nitwangie karanga.

Nimetwanga.

Jumatano, 13 Novemba

Harithi hajalala vizuri, anaonekana. Ameirudisha mashine kwenye kasi yake ya kiwandani. Amekata vipande vilivyopona, maneno hapa na pale, akaongeza ujumbe wa sauti ambao Elieth alikuwa nao kwenye simu, mfupi. Programu imejifunza kwa hayo. Pale iliposhindwa imekopa kwa sauti nyingine iliyokuja nayo.

Ametuita wote. Paulina kwenye kochi lisilo na kitambaa. Harithi akaandika "Elieth mwanangu" akabonyeza.

Ikasema. Ni sauti ya mwanamke. Kiswahili safi. Inapanda na kushuka mahali panapostahili. Ingeweza kukukaribisha benki.

Elieth aliangalia sakafu.

Paulina akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaandika, akampa Harithi simu mkononi. Nikaona kwa juu: "Huyu ni nani?"

Harithi akasema, "Mwalimu, nisamehe. Niliilazimisha mno." Machozi yalikuwa yanamtoka, mtu mzima mwenye watoto. Paulina akachukua simu, akafuta, akaandika tena. Safari hii alituonyesha wote: "Mimi nilifunika. Nimejua tangu Ijumaa. Baba Elieth, umeme hukuwahi kuusingizia hata siku moja, umeanza uzeeni?"

Mabega yalitikisika. Sikujua kama anacheka.

Baadaye, tukiwa wawili, nilimwambia kila kitu: kwamba Harithi alinipa maagizo, na mimi ndiye sikuyafikisha jikoni. Alisikiliza hadi mwisho. Alinifunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi.

Ijumaa, 15 Novemba

Emiliana ameingia kutoka Mlali na kuku wawili na gunia la karanga. "Mbukwenyi!" akatusalimia Kigogo. "Nyumba imekuwaje, mnahama?" Paulina akamkumbatia muda mrefu.

Emiliana alinivuta pembeni. Anaogopa. Ameandika maneno, ameyakariri njia nzima, lakini dada yake hajampa ruhusa. "Shemeji, nikisimama kesho nitakuwa namzika?" Nikasema sijui. Ndilo jibu la kweli nililokuwa nalo.

Kwa hiyo hadi usiku huu iko hivi: sauti ya mashine ipo kwenye simu ya Paulina, Harithi ameiweka, akitaka aitumie. Emiliana yuko tayari, akiruhusiwa. Paulina hajasema atafanya lipi.

Jumamosi, 16 Novemba

Ukumbini. Ninaandika chini ya meza kuu, goti ndilo dawati. Mazoea.

Ukumbi umejaa. Elieth amevaa kijani. Amependeza, na amekonda. Keki imekatwa. Wazazi wa upande wa pili wamelishwa, wamepiga makofi. Mshereheshaji ana kelele, anamtania bwana harusi kwamba akila mlenda wa Kigogo mara moja hatarudi kwao. Watu wanacheka. Harithi yuko meza ya nyuma na mke wake.

Paulina amevaa gauni la zambarau na skafu ya rangi hiyo shingoni. Simu iko mbele yake, skrini inawaka, maneno yapo. Hajaigusa.

Mshereheshaji: "Sasa, ndugu zangu, tulieni. Wakati wa maneno ya mama." Anatazama karatasi. "Kwa niaba yake namwita—"

Emiliana ameinuka nusu. Paulina ameweka mkono begani kwake. Emiliana ameketi.

Paulina anakwenda. Simu ameiacha mezani. Nimeichukua nimfuate nayo, Elieth akanitikisia kichwa kunikataza. Nimekaa.

Amefika mbele ya binti yake. Mshereheshaji hajui la kufanya, amempa maiki. Paulina ameishika karibu na mdomo, kwa mazoea ya ualimu. Hakuna kitu. Watu wanaangaliana. Mtoto mmoja anauliza kwa sauti mbona yule mama haongei, ananyamazishwa.

Amelegeza skafu.

Ameishusha maiki hadi shingoni.

Pumzi. Inatoka kwenye spika zote nne, kubwa kama upepo. Inaingia, inatoka. Inakatika, inaanza — midomo inakwenda, anasema, yote anayasema, neno kwa neno, na kinachotoka ni hewa. Elieth amepiga magoti. Anaitazama midomo ile, anatikisa kichwa kuitikia, anaitikia mahali pa kuitikia. Anasikia. Au anasoma.

Fundi wa spika anadhani ni hitilafu. Amenyoosha mkono kwenye swichi, anaanza kupunguza. Nainuka nikamwambie aiache, mama anasema.