Kula Biskuti ya Mutoto Wako

Nadine mujukuu wangu,

Bwana asifiwe. Huku Shituru tuko wazima. Baba yako mudogo anaendesha lori ya kwenda Kakanda, na minye, magoti tu ndiyo inanisumbua.

Lakini barua yako imenikasirisha! Unaniuliza namna ya kufundisha mutoto wa mwaka moja kugawa, sababu mama mukwe wako anamuita mwimi, ati ana choyo. Mwimi! Na weye mwenyewe umeandika: mutoto alikuletea biskuti yenye mate, ukasema "Non, uchafu", ukaitupa.

Wakati ningali kijana, mudogo wangu Kalenga, naye wa mwaka moja tu, alitoa tonge ya bukari mu kinywa chake, akamunyooshea baba aliyetoka kazini. Jirani akapiga kelele: "Mama we! Tupa hiyo!" Baba akafungua kinywa, akakula, akamuambia mutoto: "Aksanti, papa." Ee, mutoto alicheka! Akazunguka nyumba yote analisha watu, mpaka kuku. Hakuna muntu aliyemufundisha kugawa. Walimupokelea tu.

Basi mutoto wako akikuletea kitu, kula! Mate yake haitakuua. Na mama mukwe akisema tena mwimi, umuulize ni lini alikula kitu cha mukono wa ule mutoto.

Kambo yako,
Mado