Picha Zisizo na Mtu

Bredäng, Stockholm
14 Novemba 2024. Asubuhi mvua iliyochanganyika na theluji.

Kaka Gervas,

Picha zako za huko Marekani zimefika. Nilimshikia Mama simu karibu na macho, pale kitandani. Majabali mekundu ya Utah aliyaita tanuri la Mungu. Misitu ya Vermont, yenye majani ya rangi ya moto, aliitazama muda mrefu. Ziwa la Montana alisema ni zuri, ila halina hata mtu wa kuchota maji. Kisha akauliza, "Na mwanangu, dereva wa lori, yuko wapi?"

"Ndiye anayepiga picha, Mama."

"Paska, usinifiche. Bibi yako alipokuwa mgonjwa, mimi nilimficha kifo cha mjomba wako Deo. Nilikuwa namletea salamu zake kila Jumapili."

Nimeapa kwamba uko hai. Anasema mgonjwa huapiwa chochote. Jana Padre alipomletea komunyo, alimwomba misa ya marehemu, akataja jina lako.

Tangu Machi hupokei simu ya video. Sijui kimekupata nini, na sikuulizi. Kama umekonda, kama una kovu, jitokeze hivyo hivyo. Daktari hatuahidi kwamba Mama ataifikia Krismasi.

Leo Mama amekataa uji. Alitaka nimfunge kitambaa cheusi kichwani. Nilibishana naye hadi nikachoka, nikamfunga. Amepata usingizi saa kumi jioni, giza limeshaingia, akiwa bado anakuomboleza.

Mpigie akiamka.

Dada yako,
Paskalia