Chumba cha Mama Kwenye Fomu ya Bima

Anse Corail, Dominika
3 Julai 1995

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila goti la Bibi linamsumbua kwenye ngazi. Mgongo wako vipi? Bado unawanyanyua wale wazee wa kazini peke yako?

Shule imekwisha, majibu ya mtihani bado, kwa hiyo kazi ya bima uliyonipa naifanya kila siku. Natembea na daftari chumba kwa chumba, naandika kila kitu na bei ya kukinunua kipya leo, ili tujue tukate bima ya kiasi gani. Bibi amechukia. "Wee Lucette, unanihesabia sufuria, nimekufa?" Nikamwambia ni kwa ajili ya dhoruba. Akasema ile ya mwaka sabini na tisa ilimwachia mfuniko mmoja, na haikuuliza bei.

Sasa nimefika chumbani kwako. Vitu ulivyotuma kwenye mapipa kwa miaka tisa, vya kutumia wewe ukirudi, viko vilevile. Kitanda kina plastiki yake, sahani zimo maboksini. Niviandike?

Mwanao,
Lucette

Toronto
14 Julai

Lucette wangu,

Marahaba. Mgongo upo, namshukuru Mungu. Mpake Bibi ile dawa niliyoweka kwenye pipa la Krismasi.

Chumba changu kiache. Vitu vimefungwa, havitumiki, tutalipa bima kubwa bure. Andika vyenu tu. Na fanya haraka, kampuni haimkatii mtu bima tena dhoruba ikishaonekana inakuja.

Jumapili nikipiga simu uwe unaongea. Siyo "ndiyo Mama" halafu unampa Bibi.

Mama yako

Anse Corail
26 Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Bibi anapaka dawa, anasema inanuka kama hospitali lakini anapaka.

Nilikwenda mjini ofisini kwa Bwana Royer wa bima. Nilisimama nje kwenye nguzo mpaka karani wake akatoka: "Binti, unataka kukodi hiyo nguzo?" Nikaingia.

Bwana Royer alisoma orodha yangu polepole. Akaniambia nisipunguze. Tukikata bima ya nusu ya vitu vyetu, hata likiharibika jiko peke yake watatulipa nusu ya jiko. (Bibi aliposikia: "Nusu ya jiko! Nitapikia nusu ya ndizi?")

Nikamtajia chumba chako. Akasema vitu vya mtu wa nyumba hii lazima vihesabiwe, na vya mtu aliyehama bima haivijui. Bila vyako ni dola elfu kumi na moja. Pamoja na vyako ni elfu kumi na tisa. Kwenye fomu kuna kisanduku cha kuandika ndiyo au hapana: mwenye vitu ataishi humu? Akaniuliza, "Mama yako anarudi lini?" Nikasema nitamwuliza.

Kwenye simu maneno yananikauka, kwa hiyo nauliza hapa. Mama, unarudi lini? Kisanduku nimekiacha wazi.

Mwanao,
Lucette

Anse Corail
9 Agosti

Mama,

Shikamoo. U mzima? Barua haijaja. Jumapili uliongea na Bibi habari za goti, na aliponipa simu ilikuwa imekatika.

Redio inataja dhoruba kila asubuhi, hadi sasa zote zimepita kando. Bibi amefunga mabati kwa waya. Mimi siwezi kutulia, nimehesabu vijiko mara tatu na ni vilevile kumi na vinne. Jana Bwana Royer alinipita barabarani akapunguza mwendo wa gari. "Binti wa nguzo! Fomu iko wapi?" Nikatazama viatu vyangu.

Naweza kuandika ndiyo wasijue. Lakini nitakuwa nimesema uongo, na kwa jina lako. Niandikie neno moja tu. Hata likiwa hapana, nitalisoma.

Lucette

Toronto
16 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Nisamehe. Barua yako ya Julai nimetembea nayo kwenye mfuko wa sare mpaka imechakaa.

Kila pipa nililofunga nilijiambia, mwakani. Niliamini kweli. Sasa nina karatasi za kukaa hapa, nina kazi, na huko kazi haipo, unajua mwenyewe. Andika hapana.

Na vitu andika ni vyako. Vyote. Sikupi kwa ajili ya fomu, nakupa kweli. Toa plastiki, Bibi alale kwenye godoro zuri, mle kwenye sahani za maua. Nilizinunua moja moja.

Mama yako

Anse Corail
25 Agosti

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo. Barua nimeisoma mara mbili, ya pili nikamsomea Bibi. Akasema, "Lete mkasi." Plastiki tukaikata pamoja. Alipolala kitandani alipiga kelele, "Kinanimeza!" lakini hajataka kushuka. Mchana tulikula ndizi mbichi na samaki kwenye sahani za maua.

Fomu nimeipeleka, dola elfu kumi na tisa. Safari hii sikusimama kwenye nguzo.

Kuna kitu kimoja sikukiandika. Chini ya boksi la mwisho nilikuta ndara zako nyekundu za ndani, bado zina lebo. Najua Bwana Royer alisema nisiache kitu. Lakini nilizijaribu, mguu wangu umekuzidi, kwa hiyo haziwezi kuwa zangu. Nimeziweka mlangoni. Dhoruba ikizichukua, hakuna atakayetulipa.

Zifuate mwenyewe, hata kwa wiki moja.

Mwanao,
Lucette