Tulivyomtafuta Kimeu Kusini mwa India

S.L.P. 58,
Kathonzweni,
Makueni.

9 Machi 2026

Mpendwa Mjomba Ndolo,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini uko mzima huko Calgary, na kwamba kile kifua kilichokusumbua tangu Desemba kimepoa. Mama alituambia theluji ilikufikia magotini. Bado hatuelewi mtu anavyoweza kuishi ndani ya friji kwa hiari yake mwenyewe. Vaa vizuri, Mjomba. Umri wako si wa kujifanya kijana.

Sisi ni wazima wa mwili. Mvua ya Oktoba ilinyesha mara tatu ikatuaga. Kunde zilikauka zikiwa na maua, mahindi hayakufika kiunoni, na mbaazi tu ndizo zilizotupa kitu cha kuweka sufuriani. Mto umebaki mchanga mtupu, na mashimo ya maji yamekuwa marefu hata ukisimama kando humwoni anayechota. Shuleni watoto wangu wa darasa la nne wanasinzia kuanzia saa nne asubuhi, na simlaumu hata mmoja.

Ningekupigia simu, lakini nyumba yetu unaijua, neno likisemwa sebuleni Mama hulisikia akiwa jikoni. Kwa hivyo nimeandika kwa mkono, nami nitaipiga barua picha nikutumie, maana nikiiachia posta itakufikia baada ya Pasaka. Nakuomba uisome yote kabla ya Jumapili, utakapompigia Mama.

Wewe ndiye uliyetusaidia kwenda India, na una haki ya kujua tulichokuta. Jibu fupi ni kwamba ndugu yangu Kimeu hatukumpata. Jibu refu ndilo hili.

Unakumbuka alivyopotea. Ilikuwa Desemba ya 2023, chuo chake cha Coimbatore kimefunga, naye akajiunga na basi la watalii kwenda kuona nchi. Alitutumia picha kila siku: mahekalu, milima, kisha bahari. Ya mwisho alikuwa Rameswaram, amekunja suruali hadi magotini, maji yamemfika kwenye vifundo, anacheka. Baada ya hapo kimya. Begi lake lilikutwa katika nyumba ya wageni aliyolala. Polisi wa huko waliandika kwamba hajulikani aliko, na kila ofisi tuliyobisha tangu siku hiyo ilitujibu maneno hayohayo. Sheria yetu inataka tungoje miaka saba ndipo mtu aweze kusema lolote zaidi.

Nilipokuambia kwenye simu kwamba tunaenda na watalii, nilijua umeshangaa. Lakini viza ya kitalii ndiyo tuliyoweza kuipata, na kampuni moja ya Nairobi ilikuwa na safari ya siku kumi inayopita karibu kila mahali palipo kwenye picha za Kimeu. Baba aliupanga mfuatano wa picha mezani akaulinganisha na karatasi ya safari, akasema tutamfuata kwa utaratibu wake. Basi tukaenda kumtafuta mtoto wetu katika zile dakika arubaini ambazo wenzetu walipewa za kununua vitambaa.

Asubuhi ya kuondoka Mama alimshika Baba mkono langoni. Alimwambia, "Usiseme amekufa. Mahali popote, kwa mtu yeyote. Wewe ndiye baba yake, ukisema wewe basi itakuwa." Unamjua dada yako, yeye anaamini lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Baba akakubali mbele yangu, na Baba akikubali jambo ni kama limeandikwa.

Tulikuwa watu kumi na mmoja. Waliotufaa zaidi ni Mzee Kinyanjui na mkewe Gakenia, wenye duka la vifaa vya ujenzi pale Emali, waliokuwa wakisherehekea miaka arubaini ya ndoa. Kiongozi wetu aliitwa Selvam, mtu wa Chennai, mpole, Kiingereza chake kama cha redio. Siku ya pili nilimweleza kilichotuleta. Alimfundisha Baba neno moja la Kitamil, "magan", yaani mwana wa kiume, ili anapoonyesha ile picha tuliyoifunika plastiki aweze angalau kusema ni nani.

Tulianzia Mahabalipuram, ambako mahekalu yamechongwa katika mwamba mzima ufuoni. Kisha Thanjavur, kwenye mnara wa mawe ambao sikuweza kuufikia kileleni kwa macho bila kushika kofia. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na kwa kweli ningefurahi, lau ningekuja kwa jambo lingine. Nilikuwa nikitazama nguzo na nyuma ya kila nguzo namtafuta mrefu mmoja mweusi.

Baba hakuingia hekalu lolote. Mzee wa kanisa, miaka ishirini na sita, angeingiaje? Lakini huko kila mtu huvua viatu mlangoni na kuviacha kwa mtunzaji, naye Baba akaona kwamba hakuna mahali pazuri zaidi pa kumtafuta mtu. Aliketi na watunzaji wa viatu, picha gotini. "Magan," akawaambia. "Magan." Gakenia alipotoka alimkuta amezungukwa na ndara. Akamtania, "Sasa mzee, umelipa nauli yote hiyo ukuje kuwa wachimani wa viatu?" Baba alicheka. Ndiyo mara moja niliyomwona akicheka katika safari nzima.

Chakula kilimfaa, hilo naweza kukupa. Wanakula juu ya jani la mgomba, na mchuzi wao unapikwa kwa mbaazi. Baba alionja akasema hata hawa ni Wakamba, ila wamezidisha pilipili.

Kutoka huko tukapanda milima ya Kodaikanal. Kuna ziwa, misonobari, na ukungu unaoingia hadi kwenye mkono wa koti. Mzee Kinyanjui alisema ni Limuru kabisa, akanunua mahindi ya kuchoma kuthibitisha. Baba alizunguka ziwa lote kwa miguu akiwaonyesha picha wenye mashua. Wengine walitikisa kichwa kwa ile namna ya kwao, ya kukipeleka bega hadi bega, nasi hatukuweza kujua kama ni ndiyo au hapana. Selvam akatueleza kwamba mara nyingi ni huruma.

Madurai nitakuandikia kwa ufupi kwa sababu bado inaniuma. Hekalu lao lina minara iliyojaa sanamu za rangi kama watu walioshikana mabega siku ya soko. Nje, mama mmoja muuza maua aliitazama picha akasema amemwona, wiki hiyohiyo, anakuja duka la jirani kutoa nakala za karatasi. Tuliacha kikundi, tukamfuata mama huyo. Ndani ya duka kulikuwa na kijana amesimama akitupa mgongo. Urefu ule, mabega yale. Baba alimwita jina lake mara moja tu, kwa sauti ya chini. Kijana akageuka, akasema, "Shikamoo, mzee." Alikuwa Mtanzania, wa Tabora, anasomea mambo ya kompyuta. Baba aliitikia, akamuuliza mama yake anaitwa nani, akamwambia ampigie simu siku hiyohiyo. Tulirudi kwenye basi.

Ndipo tukafika pwani. Rameswaram ni kisiwa, unakifikia kwa daraja refu juu ya maji. Mbele yake kuna ncha ya nchi kavu iitwayo Dhanushkodi, mchanga mtupu, magofu ya mji uliochukuliwa na tufani zamani, na bahari pande zote mbili. Kuna kibao kinachokataza watu kuoga. Nilipofika tu niliitambua picha ya mwisho, kwa ule ukuta uliobomoka nyuma yake.

Hapo palikuwa na mama anayekaanga samaki. Selvam alimweleza mambo yetu. Aliishika picha kwa muda mrefu, akasema uso hawezi kuukumbuka, wengi wanapita. Lakini karibu na Krismasi ya mwaka ule alisikia watu wakipiga kelele kwamba kijana mgeni ameingia maji, mweusi, na mkondo umemchukua. Wavuvi walikwenda hadi jioni. Kisha akaelekeza kidevu baharini, akarudi kwa samaki wake. Hakuna aliyepeleka habari hiyo popote, au ilipelekwa na hakuna aliyeiandika, sijui. Mjomba, mtoto wa Kathonzweni amejulia wapi kuogelea? Sisi maji tunayafuata chini kwa sepetu. Aliona bahari imetulia akadhani ni kitu cha kukanyaga.

Baba hakuuliza swali la pili.

Asubuhi iliyofuata Selvam alitupeleka ufuoni karibu na hekalu kubwa. Watu wengi walikuwa wameketi mchangani mbele ya makuhani wao, kila mmoja ana madonge ya wali yaliyochanganywa na ufuta mweusi. Baba akauliza wanafanya nini. Selvam akamwambia wanawaombea waliokufa, madonge hayo yanatiwa baharini ili marehemu aende kwa amani. Baba akainama, akafungua kamba za viatu.

Nilimshika mkono. Nilimkumbusha kanisa, nikamkumbusha Mama. Akaniambia nimtafsirie tu.

Kuhani alitaka majina: la marehemu, la baba yake, la babu yake. Baba akasema Kimeu. Kabla hajaendelea, kuhani akauliza marehemu ni nani kwake, maana kwao mwana ndiye anayemfanyia babake jambo hili, si baba kumfanyia mwana. Lile neno moja la Kitamil Baba alilijua vizuri. Hakulitumia. Alisema kwa Kikamba, "Ni baba yangu."

Wewe unajua alivyomwita mtoto yule tangu siku alipopewa jina la babu. "Baba, njoo ule." "Baba, umefunga mbuzi?" Sikumbuki kumsikia akimwita Kimeu, ila pale dukani Madurai. Na babu naye alikuwa Kimeu, naye amekufa kweli. Kwa hivyo mzee wa kanisa hakusema uongo, wala hakuvunja neno alilompa Mama. Mimi ndiye niliyetafsiri. Nilisema, "It is his father," Selvam akanitazama, nikaangalia chini, naye akalipeleka kwa Kitamil. Kuhani akaridhika.

Baba aliingia majini na suruali yake ya kanisani. Mzee Kinyanjui, bila kuitwa, alikunja yake akaingia naye, amemshika mshipi kwa nyuma, maana hakuna mmoja wao anayejua kuogelea. Yale madonge yalielea kidogo, kisha hayakuonekana. Gakenia alikuwa akilia kwa sauti. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira na maji yale, hata leo ninayo.

Tumerudi Alhamisi. Kinyanjui alitushusha hadi langoni kwa pikapu yake. Mama hakuja kutupokea. Alikuwa ameketi nje ya jikoni akipepeta mbaazi, hakuinua uso mpaka Baba alipoketi karibu naye kwenye kigoda. Hakuuliza kama tumemwona. Aliuliza kama Baba alisema lile neno.

Baba akajibu, "Nilimwombea baba yangu, huko baharini."

Mama aliendelea kupepeta. Baadaye akasema, "Baba yako tulimzika hapo nyuma ya muhogo, nikiwa na mimba ya huyu Nduku. Chakula cha watu nilikipika mimi." Akaweka ungo chini. Nilidhani atapiga yowe. Akauliza, "Hayo maji, yalikuwa baridi?"

Baba akasema hayakuwa baridi.

Hawajalizungumza tena. Watu wa kanisa wanakuja kila jioni, wanaomba, wanamwambia Mama kwamba Mungu hashindwi, kijana atarudi. Nawe Jumapili humwambia vivyo hivyo, na najua ni upendo, Mjomba, wala sikulaumu. Miaka miwili na zaidi tumeogopa wote, na kwa kuogopa kwetu tumemwacha peke yake. Jumapili hii usimwambie atarudi. Usimtajie kutafuta tena. Mwambie pole. Hakuna hata mmoja wetu ambaye amewahi kumwambia pole.

Msalimie shangazi Ndila, na binti yenu Kanyiva, mwambie nampongeza kwa masomo. Baba anakusalimu. Bibi Kalunde naye anakuulizia, ingawa sasa anakuchanganya na babu. Mungu akulinde kwenye baridi hiyo, akupe afya, na siku ukija akukutanishe nasi tulio hai.

Mpwa wako anayekupenda na kukutegemea,

Nduku