Mtambo Ulioutaka Umewaka Leo

Kaka Mbwana,

Barua hii nimeianza mara tatu, na mara zote nimeanza kwa kukuuliza hali, kisha nikakumbuka. Basi hali niiache. Nikupe habari za kazi, maana wewe hata siku ya Idi ulikuwa hujakaa vizuri ushauliza kompyuta za kliniki zinaendeleaje.

Ule mtambo uliokuwa ukiutaka umewaka leo. Uko chumba cha stoo, juu ya meza yake peke yake, hauguswi na mtu. Ndani una mfumo endeshi wa Linux na hifadhidata ya kweli, kama ulivyosema tangu mwanzo. Mapokezi, wakunga, maabara na duka la dawa wanaandika humo kwa pamoja, na hakuna anayefuta la mwenziwe.

Naikumbuka siku ya kikao. Tulikuwa watano barazani pa kliniki, hapo Bofu, na Bi. Saumu mwenye kliniki alileta kahawa na kaimati ili tusigombane. Kliniki ndogo ya uzazi, kompyuta nne, na swali moja: kumbukumbu za kina mama na watoto wao tuziweke wapi, na kwa mfumo endeshi gani. Mimi, karani wa kumbukumbu, nilitaka ule uliokuja na kompyuta kutoka dukani, pamoja na faili moja tutakalolifungua sote. Wewe, fundi wetu, ukasema faili la namna hiyo halifai. Watu wanne wakiwa ndani na stima ikapotea, litaharibika. Wewe ulitaka seva, mtambo wa peke yake wa kumbukumbu.

"Hiyo seva yako ina nini cha zaidi?" Bi. Saumu akakuuliza.

"Hii hutia nia kwanza, Bi. Saumu. Kabla haijaandika jambo, huweka pembeni inalotaka kufanya. Stima ikikatika katikati, ikiamka huitazama nia yake, ikatimiza au ikaacha. Haibaki na nusu ya jambo."

Bi. Saumu akacheka, akasema kumbe nayo ni Muislamu. Kila mtu akacheka, nikaona nashindwa. Nawe wanijua, kushindwa nawe sikuweza tangu tuko wadogo. Nikasema mbele ya wote:

"Na siku utakapokufa wewe, kaka, n'nani atakayeifungua?"

Mkunga mmoja akasema astaghfirullah. Wewe ulikitazama kikombe chako cha kahawa.

"Zuhura asema kweli," ukasema. "Tufuate lake."

Ukanitengenezea lile faili langu vizuri, bila kinyongo, lakini baada ya hapo ukawa huji mpaka uitwe. Kila wiki wavuka feri, wasema wafuata waya za mtandao mjini. Nikajua umenuna, nami nikanuna zaidi. Ukipita mlangoni ukiniita, nilikuitikia "abee" bila kuinua kichwa. Tulikwenda hivyo miezi minane, mpaka tukakuzika.

Wifi Mwanakombo alikuwa ndani ya eda aliponieleza. Figo zako zilikuwa zimekufa hata kabla ya kikao kile. Mjini hukufuata waya, ulikuwa ukienda kusafishwa damu. "Alinikataza nisikwambie," alisema mkeo. "Alisema ukijua utalia, na kazi itakushinda." Nililia pale pale, na kazi ikanishinda vile vile.

Kisha mwezi uliopita stima ilipotea mchana, wakunga wawili wakiwa katikati ya kuandika. Faili halikufunguka tena. Nakala niliyokuwa nayo ilikuwa ya siku nne nyuma. Na sisi, kama ujuavyo, mtoto hatumpi jina mpaka siku ya saba, kwa hiyo wote tuliwaandika "mtoto wa" fulani, kwa jina la mama. Wakunga walikumbuka kwamba mtoto wa Mwanaisha alikuwa na manjano na alitakiwa arudishwe. Siku hizo nne walikuwa wamezaa kina Mwanaisha wawili, na nambari zao za simu zimepotea na faili.

Nilikwenda kwa miguu mpaka Timbwani, mtaa wao, nikipiga hodi na kuuliza nyumba yenye mzazi. Wa kwanza mtoto wake alikuwa mzima, ananyonya. Wa pili, mtoto wake nilimkuta macho yamekuwa manjano kabisa, na mama yake amekaa tu na simu mapajani, anangoja tumpigie kama tulivyomuahidi. Alilazwa, akapona, alhamdulillahi.

Kesho yake nikamwambia Bi. Saumu kosa ni langu. Akaniuliza sasa nataka nini, nikamwambia nataka la marehemu. Fundi mmoja wa Changamwe amenifunza mwezi mzima, nami nimewafunza wakunga wawili.

Nimekuja kukuomba radhi kwa neno lile. Nililisema kwa kiburi, na likaangukia penye kidonda nisichokijua. Nisamehe, kaka.

Lakini na mimi nina lalamiko langu kwako. Ulinyamaza ili unihurumie, na huruma yako imeniuma kuliko ambavyo ungeniumiza kwa kusema. Ungeniambia unaumwa, huo mtambo mgumu ningeuchagua siku ile ile. Ungekaa kando yangu kila alasiri unanielekeza, nami, wallahi, hata nikiwa nimeelewa ningejifanya sijaelewa, ili kesho urudi.

Mungu akupe kaburi lenye nafasi na nuru.

Mdogo wako uliyemwachia ziwa,
Zuhura