Nukta Tatu Chini ya Tela

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini Shangazi amekukuta mzima, wewe na shemeji, pamoja na binti zangu wawili, Mwalimu na Kijiko. Huyo Mwalimu akiona kosa la herufi humu mwambie anisamehe. Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana. Sisi huku hatujambo. Mama mgongo umempoa kidogo na anauliza habari zenu kila asubuhi. Mimi ni mzima wa viungo, ila tangu Jumatatu ulipoondoka na tela, sahani yangu namwachia paka.

Shangazi nimemwapisha akupe barua hii mkononi, asiiache juu ya kabati, na uisome kabla ya Jumamosi, siku yenu ya safari. Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga, kaka. Ni ile ya jana. Ulipokea ukicheka, Kijiko nyuma yako anatangaza kwamba godoro la juu ni lake na asiguse mtu. Ukaniambia niseme. Nikauliza kama tangi la maji linavuja. Ukajibu halivuji hata tone, nikakuaga. Mdomo umenishinda, sasa najaribu kalamu.

Unakumbuka tela lilivyokuja kwangu: limetobokatoboka, limebeba saruji miaka kumi na tisa, na panya walikuwa wamezaa chini ya mbao. Ukasema unataka watoto walale porini, mahali ambapo hata barabara imekata tamaa. Nililivua lote hadi mifupa. Nimeinua springi sentimita kumi na mbili, nimefunga magurudumu sawa na ya gari lako, jiko linavutwa nyuma kama droo, hema liko juu na ngazi yake. Uzito nilipima kitu kimoja kimoja. Tela tupu kilo mia nne na kumi, hema hamsini na nane, maji tisini, gesi na mtungi wake ishirini na moja, jiko na vyombo sitini na nne, magodoro na mizigo mia moja na thelathini. Jumla mia saba sabini na tatu. Hata nikiwa nimelala, ukiniuliza, nitakujibu mia saba sabini na tatu. Na zote hizo zinavutwa na mkono mmoja wa chuma unaoshika gari lako.

Nitakuambia na lililoniuma, maana bila hilo hutaelewa mengine. Siku ulipowaleta mashemeji zako kulitazama, uliwaambia kwamba mdogo wako ni fundi wa mageti, kwa hiyo wasishangae tela likijifungua usiku kama geti. Walicheka, na mimi nikacheka nao. Tena yule mnene akaniuliza kama nimeweka na kengele. Kaka, sikulaumu kwa kusoma. Baba alikupeleka shule nami nikabaki kumshikia chuma nikiwa na miaka kumi na tano, na sikulia. Lakini karakana hii niliianza na mashine ya kuazima na mabati manne. Mtu aliyejiezekea paa mwenyewe hapendi kuchekwa chini ya paa hilohilo.

Kesho yake nilikuomba uniongezee siku mbili, nikasema mkono wa tela unataka kubadilishwa. Hukuuliza kwa nini. Ulisema nakuza kazi, na kwamba tela lililobeba saruji haliwezi kushindwa na magodoro. Nikarudi kazini.

Nilichotaka kukuambia siku ile ni hiki: mkono ule una ufa. Niliuona nilipokwangua rangi ya zamani ili nifunge kishikio cha mtungi. Uko upande wa chini, kushoto, na umekata chuma kwa upana. Chuma kina upana wa sentimita nane, ufa umeshakula tano. Mzigo wote ule unaning'inia kwenye sentimita tatu.

Sikuuchomelea. Niliupaka puti, ileile ya kusawazishia bodi za magari, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeusi mara mbili.

Na bado sijafika kwenye lililo baya. Unaijua sheria ya Baba kuliko mimi, maana wewe ulifundishwa kwanza: ukimaliza kuunga chuma, gonga nukta tatu pembeni, na usigonge kama huwezi kumlaza mwanao chini yake. Nilijua utazitafuta, ndicho kitu pekee ulichotoka nacho karakana kwa Baba. Basi nikazigonga. Jumatatu ukatandika gunia, ukaingia chini na suruali yako ya ofisini, ukapapasa kwa kidole gumba mpaka ukazipata. Ukatoka, ukanishika mkono kwa mikono miwili, ukawaambia mashemeji zako kwamba mkono wa Baba haujafa. Miaka ishirini na sita nimelisubiri neno hilo. Lilipokuja likanikuta nimesimama juu ya uongo, na sikuweza kulirudisha.

Sikutaka mtu aumie. Nilitaka likukatikie njiani, mahali tambarare, mashemeji wakikutazama, ubaki na mikono kiunoni, kisha unipigie mimi. Hayo ndiyo yalikuwa moyoni mwangu, sitayapaka rangi. Halafu ukiwa umeshawasha gari ukasema kile kipande cha mwisho cha njia, kilomita tisa, hakina askari wa barabarani, watoto watapanda telani kama malkia, mpaka chini kwenye mto. Ukaondoka. Tangu hapo chuma kikianguka karakana nashtuka mpaka wateja wananitazama. Nauona ule mteremko ambao sijawahi kuuona.

Kwa hiyo, kaka, usilivute tela hilo, hata kwenda kituo cha mafuta. Chukua bisibisi, ingia chini, pima shubiri moja kushoto ya zile nukta, kwangua. Puti itatoka kama unga. Jionee mwenyewe, kwa maana neno langu kwa sasa halina uzito. Jumamosi alfajiri nitakuwa mlangoni kwako na mashine na chuma kipya cha unene wa milimita sita. Ni kazi ya siku mbili. Ukitaka kunitukana, nitukane nikiwa kazini, muda usipotee. Ukitaka fundi mwingine, mwite, nami nitamshikia chuma kama nilivyomshikia Baba. Mashemeji waambie ukweli, au niachie niwaambie mimi.

Kijiko mwache alale kwenye godoro lake la juu, tela likiwa hapohapo uani, limewekewa mawe mbele na nyuma. Msalimie shemeji, msalimie Mwalimu. Mama anawaombea safari njema, sijamwambia lolote.

Chini ya jina nimeweka alama yetu. Za tela usiziamini. Hizi nimezigonga mezani, juu ya barua, na karatasi imetoboka.

Mdogo wako,
Fundi wa Mageti

• • •