Mjane wa Riwayani, Bahari Yake, na Nilichomwambia Elia

Mabawa, Tanga. Jumapili, Agosti 1957

Upepo wa kusi unavuma tangu asubuhi, jua lipo lakini halichomi. Nimetoka kanisani, nimekula, nimejifungia chumbani. Moyo umetulia kuliko nilivyotarajia.

Nianze na jana.

Shule imefungwa, na mkuu wetu, bibi wa Kiingereza ambaye hakupata kuolewa, alitualika walimu wa kike nyumbani kwake Raskazone tuzungumzie riwaya aliyotuazima. Ni ya karne iliyopita. Mjane kijana anaishi juu ya jabali linaloikabili bahari. Anampenda nahodha mmoja, wala hamwambii. Kila anapomtamani, mwandishi anageuza macho na kutuonyesha maji: mawimbi yanapanda, yanavunjika, yanaacha povu. Mwishoni mjane anaingia baharini na hatoki.

Wenzangu walisifu jinsi bahari ilivyoelezwa. Mimi nilisema kitabu kimenikasirisha.

Nilisema waandishi wa wakati ule walijua vizuri kabisa kwamba mwanamke hutamani. Hawakuthubutu kumpa kauli, kwa hiyo wakampa bahari imsemee, kisha bahari hiyohiyo wakaitumia kumwadhibu. Nikaongeza kwamba kitabu kinaitaja bahari kama mwanamke, ilhali kwa Kiswahili bahari si mwanamke wala mwanamume. Na mimi nimekulia Lushoto, milimani. Moyo wangu ulijua kutamani kabla macho hayajaona maji ya chumvi.

Walicheka. Bibi mkuu hakucheka.

"Ungekuwa wewe ndiye mwandishi, ungemalizaje?" aliniuliza.

"Ningemfanya aseme, Bibi. Nahodha akikataa, na akatae. Yeye angerudi nyumbani kwake akapika, akala."

Alikifunga kitabu. "Nilikisoma nikiwa na umri wako," alisema. "Niliuona mwisho ule mzuri sana. Kulikuwa na mtu, nami nikanyamaza."

Akatumiminia chai.

Nilirudi Mabawa kwa miguu nikijiuliza nimempa nani somo, maana nami nilikuwa kimya vilevile.

Namtaka Elia.

Nimeandika, na kalamu haikuvunjika. Elia ni fundi wa reli, anaimba besi katika kwaya yetu. Naipenda sauti yake. Naipenda shingo yake inavyolowa jasho tukiimba ibadani, besi wakitukabili sisi wanawake, na mara nyingine napotea katikati ya ubeti kwa ajili hiyo. Na kule nyumbani baba ameletewa posa na mwenye duka wa Korogwe, mtu mwema, ambaye simtaki hata kidogo.

Leo baada ya ibada nilimngoja Elia nje ya kanisa, watu wakipita wakitusalimu.

"Elia, kuna mtu kaleta posa kwa baba yangu. Sitamkubali. Ninayemtaka ni wewe."

Alivaa kofia, akaivua tena. "Unasema kweli, Mwalimu?"

"Nasema kweli. Na uniite Naomi."

Aliizungusha kofia mikononi. Alipokuwa akiizungusha niligundua kwamba hata akikataa nitaendelea kuwa hai, nitafundisha, nitaimba. Ilinishangaza jinsi hofu ilivyokuwa ndogo nilipoifikia.

"Mazoezini nilichagua kusimama mstari wa nyuma ili nikutazame usinione," alisema hatimaye. "Nilidhani mwalimu hawezi kunitaka mimi. Naomi, niruhusu niwatume wazee wangu kwa baba yako."

"Wasiende kwanza. Nitazungumza naye mimi."

Alitabasamu, akaniangalia waziwazi, mbele ya wazee wa kanisa wote. Mwili wangu wote ulisikia. Sihitaji wimbi la kuueleza.

Shangazi, ambaye ninakaa kwake, nilimkuta jikoni akichambua mchicha. Nikamweleza yote.

"Umemtamkia mwanamume wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, Shangazi."

Akachambua majani machache. "Kasemaje?"

"Kakubali."

"Kaka yangu atafoka, unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Haya. Mimi usinitume. Kama uliweza kwa huyo, utaweza na kwa baba yako." Akanisogezea ungo, tukachambua pamoja.

Asubuhi napanda basi la Lushoto. Nitamwamkia baba shikamoo, nitakaa, nitamwambia. Najua ataniuliza nani kanitia maneno haya kinywani.

Nitamjibu kwamba ni yangu.